Quin au Bunratty? Kuchagua pa kulala ukienda kuona ngome za Clare, magharibi mwa Ireland

Ukitua uwanja wa ndege wa Shannon, magharibi mwa Ireland, ngome huhitaji kuzitafuta. Zimetapakaa mashambani, nyingine zimebaki ukuta mmoja uliovamiwa na mimea ya kutambaa, nyingine zina taa, mapazia na wapishi. Kinachomsumbua mgeni ni kuchagua kijiji cha kulala. Huku mashariki mwa jimbo la Clare, kijiji unachoamkia ndicho kinachoamua utaona nini asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika, na utakosa nini jioni milango ikishafungwa. Wengi huishia Bunratty kwa kuwa ndilo jina wanaloliona kila mahali. Nataka kuwashawishi baadhi yenu mwende mbele kidogo, mpaka Quin, na wengine niwaambie waziwazi kwamba Quin haitawafaa.

Kwanza lijueni jina moja: MacNamara. Hao ndio waliokuwa mabwana wa Clare ya mashariki, chini ya wafalme wa ukoo wa O'Brien. Husimuliwa kwamba walijenga ngome 42. Bunratty inayoonekana leo waliijenga wao kama mwaka 1425. Knappogue ni yao, mwaka 1467. Craggaunowen ni yao pia, kama mwaka 1550. Na nyumba ya watawa ya Quin, ambayo kwangu ndiyo jengo zuri kuliko yote katika eneo hili, ilisimama kwa fedha na ardhi yao. Kwa hiyo anayepita Bunratty peke yake kisha akaondoka, ameonana na mtoto mmoja tu wa ukoo, na tena yule aliyevishwa nguo mpya.

Quin

Ni kijiji kidogo kando ya kijito kiitwacho Rine, kama kilomita kumi kutoka Ennis, mji mkuu wa jimbo. Kina barabara kuu moja, baa chache, duka, shule, kanisa, na uwanja wa hurling, ule mchezo wa magongo ambao watu wa Clare wanaupenda kupita kiasi (jimbo lilitwaa ubingwa wa Ireland nzima mwaka 2024, na bendera za njano na buluu utaziona mpaka kwenye mageti ya mashamba). Ukitafuta maduka ya zawadi au hoteli ya ghorofa, hutavikuta.

Ila katikati ya malisho, mwendo wa dakika chache kutoka barabarani, yamesimama magofu ya Quin Abbey, ile nyumba ya watawa niliyoitaja, na hapo ndipo pa kusimama kwa muda. Tazama chini kabla ya kutazama juu. Kwenye pembe kuna masalia ya minara minene ya mviringo isiyofanana hata kidogo na kanisa. Hiyo ni ngome ya Thomas de Clare, bwana wa Kinormani aliyekuja hapa karibu na mwaka 1280 kuitia nchi hii mkononi. Haikudumu hata miaka kumi. Wenyeji, wakiongozwa na ukoo wa MacNamara, waliivamia na kuichoma. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wajukuu wa wale waliochoma wakalichukua gofu la adui, wakapandisha juu yake kanisa na nyumba ya Wafransisko. Mwaka 1433 Roma ikatoa ruhusa watawa wa tawi lililofuata kanuni kwa ukali wapewe nyumba hiyo, wakiwa wa kwanza wa tawi hilo katika Ireland. Kuta za kanisa zinakalia kuta za ngome. Ukishalijua hilo, hutaliona tena lile jengo kama kanisa tu lililoezuliwa.

Ndani kuna ua wa mraba uliozungukwa na baraza la matao pande zote nne, na baraza hilo limesalia karibu zima, jambo adimu kwa majengo ya umri huu nchini Ireland. Juu ya kanisa upo mnara mwembamba unaoonekana kutoka mbali mashambani. Makaburi yamejaa mle ndani, ya mabwana na ya wakulima, yakiwemo ya watu waliozikwa humo muda mrefu baada ya paa kuondoka.

Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, alipoamuru nyumba za watawa zifungwe, hii ilitwaliwa mwaka 1541, lakini watawa hawakwenda mbali. Walirudi, wakafukuzwa, wakarudi. Katika miaka ya 1650 askari wa Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, waliwaua baadhi yao. Hata baada ya hapo wachache waliendelea kuishi jirani, wakihudumia watu kimyakimya, karne nzima na zaidi. Wa mwisho aliitwa John Hogan. Alifariki mwaka 1820 na akazikwa kwenye baraza lile lile, ambapo jiwe lake lipo hadi leo. Ukihesabu, ni karibu miaka mia tatu tangu serikali itangaze kuwa nyumba hiyo imefungwa. Sijui jengo jingine katika eneo hili linaloieleza Ireland vizuri hivyo bila mwongozaji, bila kipaza sauti, na bila kiingilio, maana Quin Abbey inatunzwa na serikali na kuingia ni bure. Msimu wa watalii huwa na mtunzaji wa kufungua mlango, lakini nje ya msimu hata ukikuta umefungwa utaweza kuzunguka nje.

Ng'ambo ya kijito kuna magofu ya kanisa dogo la Mtakatifu Finghin, la karne ya 13, kutoka zama zile zile za de Clare. Watu hulipita bila kuliona. Vuka daraja, dakika kumi zitakutosha.

Bunratty

Hapa mambo ni tofauti kabisa, na si haki kusema ni mabaya. Ngome ya Bunratty ni mnara mkubwa wenye pembe nne zilizonyooka juu, kando ya mto unaoelekea kwenye mlango wa mto Shannon. Baada ya MacNamara ikaenda kwa O'Brien, waliokuja kupewa cheo cha Maerli (makabaila wakuu) wa Thomond. Mwaka 1646 ikazingirwa na jeshi la Wakatoliki, ndani yakiwamo majeshi ya Bunge la Uingereza. Miongoni mwa waliokuwa upande wa Bunge alikuwamo Admeri William Penn, baba wa yule Penn aliyeanzisha Pennsylvania, Marekani. Ngome ikasalimu amri. Mwaka huo huo mjumbe wa Papa, Rinuccini, aliiona na kuisifia kwa maneno makubwa, naye alikuwa Mwitalia aliyezoea makasri mazuri.

Kisha ikachakaa. Mwaka 1954 Lord Gort aliinunua, akairudishia paa, na kwa msaada wa serikali na mtaalamu wa vitu vya kale John Hunt akaijaza samani za karne ya 15 na 16. Huo ndio ubora wa Bunratty: ukumbi mkuu una meza, makabati, mazulia ya ukutani na taa, hivyo mtu asiye na mazoea ya kusoma magofu anaelewa mara moja watu walikaa wapi, wakala wapi, wakalala wapi. Ngazi zake ni za mzunguko, nyembamba na za mwinuko mkali. Mzee mwenye magoti yanayouma, au mtu wa kiti cha magurudumu, hatafika juu, na afadhali ajue mapema kuliko kulipia tiketi kisha akabaki chini.

Nje ya ngome kuna kijiji cha makumbusho chenye majengo zaidi ya thelathini: nyumba za wavuvi, za wakulima maskini, za wenye ng'ombe wengi, shule, ofisi ya posta, duka la mhunzi. Kilianza kwa sababu ambayo naipenda. Uwanja wa ndege wa Shannon ulipohitaji kurefusha njia ya kurukia, nyumba moja ya mkulima ilikuwa imesimama pale. Badala ya kuibomoa na kuisahau, waliifungua jiwe kwa jiwe wakaijenga upya Bunratty, na nyingine zikafuata. Ndani ya baadhi ya nyumba moto wa mboji (udongo wa kinamasi uliokaushwa, unaochomwa kama kuni) unawaka jikoni, na moshi wake una harufu ambayo hutaisahau. Watoto hupenda kijiji hiki kuliko ngome yenyewe, nami nawaunga mkono. Ukiwa na muda wa nusu siku tu, toa saa moja kwa ngome na zilizobaki kwa nyumba.

Jioni kuna karamu ndani ya ngome, iliyoanza miaka ya 1960: waimbaji waliovaa nguo za kale, kinubi, na chakula cha kuliwa kwa mikono. Ni burudani, wala hawadai kuwa ni historia. Kwa kundi la marafiki au familia inayosherehekea jambo, inafaa. Kwa anayetaka muziki wa kweli wa Clare, fedha hiyo aibebe hadi baa za Ennis au za Tulla, ambako kusikiliza ni bure na atagharimia kinywaji chake tu.

Kulala: kijiji kwa kijiji

Bunratty ina hoteli na nyumba nyingi za wageni, na iko kwenye njia ya mabasi kati ya Limerick na uwanja wa ndege. Asiye na gari asihangaike kufikiri, alale Bunratty. Ubaya wake ni kwamba mchana panajaa watu, na bei ni za mahali palipozoea wageni.

Quin ina vyumba vichache, vingi katika nyumba za watu wanaokupa kitanda na kifungua kinywa. Usafiri wa umma ni haba, kwa hiyo bila gari utajikuta umekwama. Ukiwa na gari, kila kitu kinachotajwa katika makala haya kiko ndani ya nusu saa, na jioni, abiria wa mabasi wakiwa wamerudi Limerick na Galway, unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye magofu jua likiwa bado lipo. Mwezi Juni mwanga unabaki mpaka karibu saa nne usiku. Hicho ndicho kinachonifanya niichague.

Newmarket-on-Fergus iko katikati ya hivi viwili, karibu na barabara kuu ya M18, nayo ndiyo jirani ya Dromoland. Dromoland ilikuwa makao ya O'Brien, Mabaroni wa Inchiquin. Jengo la sasa, pamoja na minara yake yote, ni la miaka ya 1830, kwa hiyo anayetafuta ngome ya vita ya zama za kati asidanganywe na picha. Hapa ndipo alipozaliwa William Smith O'Brien mwaka 1803, mwana wa kabaila aliyeongoza uasi wa 1848 dhidi ya Uingereza akapelekwa uhamishoni Tasmania. Mwaka 1962 familia iliuza kasri kwa Mmarekani, Bernard McDonough, akaligeuza hoteli ya kifahari. Juni 2004 mkutano wa Marekani na Umoja wa Ulaya ulifanyika humo, Rais George W. Bush akiwapo. Ukiwa na fedha na unataka kulala ndani ya kasri, hilo ndilo. Kama huna, usijinyime bure: jambo kubwa zaidi katika ardhi hiyo halina bei.

Jambo hilo ni Mooghaun. Katika msitu uliokuwa sehemu ya shamba la Dromoland kuna ngome ya kilimani ya zama za shaba, yenye kuta tatu za mawe zinazozungukana, iliyojengwa karibu miaka 950 kabla ya Kristo. Ni miongoni mwa kubwa kabisa Ireland. Njia ya miguu inapita katikati yake chini ya miti. Mwaka 1854 wajenzi wa reli ya Limerick hadi Ennis walichimba karibu na hapo wakakuta dhahabu: vikuku na mikufu kwa wingi ambao haujawahi kulinganishwa na ugunduzi mwingine wa zama hizo katika Ulaya ya magharibi. Sehemu kubwa iliuzwa ikayeyushwa. Kilichobaki kimegawanyika kati ya makumbusho ya Dublin na ya London. Nikiwa juu ya ule ukuta wa ndani, dhahabu ile iliyoyeyushwa inaniuma bado.

Sixmilebridge, wenyeji wakifupisha "the Bridge", ni kijiji cha karne ya 18 kilichokua kwa viwanda vya kusaga kando ya mto ule ule unaofika Bunratty. Kina kituo cha treni kwenye njia ya Limerick, Ennis na Galway. Klabu yake ya hurling ilikuwa bingwa wa vilabu vya Ireland mwaka 1996. Ni kijiji cha kuishi zaidi kuliko cha kuzuru, na kwa anayekuja kwa treni na kupenda mahali penye watu wa kawaida wanaokwenda kazini, ni chaguo zuri na la bei ya wastani.

Tulla iko kaskazini-mashariki ya Quin, juu ya kilima. Ngome si sababu ya kwenda. Sababu ni muziki: bendi ya Tulla Céilí ilianzishwa hapo mwaka 1946, na upigaji wa fidla wa Clare ya mashariki, wa polepole na wenye huzuni ndani yake, una wapenzi duniani kote. Ukilala Quin, Tulla ni safari fupi ya jioni.

Knappogue na Craggaunowen

Knappogue, kama kilomita nne kutoka Quin, ndiyo ninayompendekezea aliyeona Bunratty akapenda lakini akachoshwa na msongamano. Ni mnara wa 1467 ulioongezewa nyumba ya karne ya 19, na bustani iliyozungushiwa ukuta. Wakati wa vita vya uhuru wa Ireland, baraza la jimbo la Clare lilifanya vikao vyake vya siri humo chini ya ulinzi wa wapiganaji wa Clare ya mashariki. Mwaka 1966 familia ya Andrews kutoka Texas ililinunua gofu na kulifufua.

Craggaunowen ni mnara mdogo msituni ambao John Hunt, yule yule wa Bunratty, aliuokoa, kisha akajenga jirani mfano wa kijiji cha kale juu ya ziwa. Hapo pia huhifadhiwa mashua ya ngozi ya ng'ombe ambayo Tim Severin alivuka nayo Atlantiki mwaka 1976 na 1977, kuthibitisha kwamba watawa wa Ireland wangeweza kufika Amerika karne nyingi kabla ya Columbus. Ratiba za ngome hizi mbili hubadilika sana kuliko ya Bunratty, na huwa zinafungwa kwa vipindi virefu. Angalia tovuti siku hiyo hiyo ya safari, usitegemee kitabu cha mwaka jana.

Na kama zote zimefungwa, nenda Magh Adhair. Ni kilima kidogo bapa katika shamba kati ya Quin na Tulla, kando ya kijito, bila jengo lolote juu yake. Hapo ndipo wafalme wa nchi hii walipotawazwa, akiwamo Brian Boru, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ireland na kuuawa Clontarf mwaka 1014. Baadaye chifu wa MacNamara ndiye aliyekuwa na haki ya kumtawaza O'Brien. Mgeni asiyejua atadhani ni kichuguu cha udongo. Ajuaye atakuwa amesimama kwenye chanzo cha mamlaka iliyojenga zile ngome zote.

Mambo ya safari

Ireland haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na kwa kawaida kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Sweden hakimwondolei sharti hilo. Ndugu kadhaa wanaoishi bara la Ulaya hukata tiketi kwanza halafu ndipo wakagundua. Anzeni na viza.

Magari hupita kushoto, kwa hiyo aliyejifunzia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hatapata shida kama atakayetoka Bujumbura au Lubumbashi. Shida ni upana. Barabara za kwenda Knappogue na Magh Adhair zinapitisha gari moja na nusu, kati ya kuta za mawe na vichaka, na ukikutana na trekta mmoja lazima arudi nyuma. Kodi gari dogo. Ukipishwa, inua kidole kutoka kwenye usukani, kila mtu hufanya hivyo.

Mvua haina msimu. Buti zisizopenya maji zina faida kuliko mwavuli, kwa sababu upepo wa Atlantiki haumheshimu mwenye mwavuli, na nyasi za Quin Abbey na Mooghaun huloana hata siku kavu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo kwa safari ya majira ya baridi shauri langu linageuka: lala Ennis au Bunratty, penye taa na watu, ukaione Quin mchana.

Kwa mwenye gari na siku mbili kati ya Mei na Septemba, ningepanga hivi. Siku ya kwanza Quin Abbey asubuhi mapema, Mtakatifu Finghin, Magh Adhair, Knappogue ikiwa wazi, na Tulla jioni. Siku ya pili Mooghaun, halafu Bunratty mchana. Usigeuze mpangilio huo. Bunratty ikitangulia, samani zake zitakufanya uyaone magofu ya Quin kuwa matupu. Quin ikitangulia, ukiingia ukumbi wa Bunratty utawatambua walioujenga.